Kijimto cha Sindano

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, ilipojadiliwa hoja ya kulifunga darasa la ushonaji)



Kwa desturi kazi yangu katika mkutano huu ni kuandika maneno ya wengine, wala si kusema yangu. Leo nimemwomba Bwana Mwenyekiti aniruhusu kuiweka kalamu chini, naye mwandishi msaidizi amenipokea daftari. Najua ya kuwa baadhi yenu, mlipoona katika orodha ya shughuli maneno haya, "Kijimto cha sindano", mlicheka, mkaulizana mwanamume mzima, tena karani, ana haja gani na kijimto. Hamkukosea. Mimi nami nililicheka jambo hili mwezi wa Januari, na kicheko changu kina sehemu yake katika msiba uliotupata.

Kabla sijaendelea, nakitoa mkononi kijimto hiki nilichokuja nacho, kipite kwa kila mmoja wenu mkitazame. Zimechomekwa ndani yake pini 10. Naomba mzichomoe mpendavyo, mzitazame, mzirudishe. Mwisho wa maneno yangu nitazihesabu.

Wote mnajua yaliyotokea. Ukumbi wetu huu wakati wa asubuhi ni mahali pa watoto wadogo, na alasiri ni mahali pa darasa la ushonaji, lenye wasichana 14, meza 6 na vyerehani 3. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, mtoto wa mwanachama mwenzetu, mwenye umri wa miaka 4, alikanyaga sindano iliyokuwa imelala katika mkeka. Ilimwingia kisiginoni ikakatika, na kipande kikabaki ndani. Alipelekwa hospitali, akapigwa picha ya eksirei, akapasuliwa kisigino, akapewa na dawa ya kumkinga na pepopunda, maana vijidudu vya ugonjwa huo hukaa katika udongo na mavumbi, na kidonda chembamba kinachokwenda ndani sana ndicho wanachokipenda. Kwa muda wa wiki 3 mtoto hakuweza kukanyaga chini. Leo anakimbia pamoja na wenzake, nasi twashukuru. Lakini siku ile alipotoka hospitali, baba yake alikuja ofisini kwangu akaweka juu ya meza kile kipande cha sindano, kimefungwa katika pamba. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Kipande chenyewe hakikufika nusu ya inchi.

Ndipo ilipoletwa hoja iliyo mbele yenu leo, kwamba darasa la ushonaji lifungwe, vyerehani viuzwe, na fedha zitiwe katika mfuko wa mazishi. Walioileta hoja hiyo ni wazee ninaowaheshimu, na sababu yao si ndogo. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Chama kilichoundwa kwa ajili ya ustawi wa watu hakiwezi kuwa mahali pa kuumizia watoto wao. Kwa hiyo sikusimama kuwapinga kwa kelele. Nimesimama kwanza kuungama kosa, na pili kuonyesha njia.

Kosa ni hili. Mwezi wa Januari mwalimu wa darasa la ushonaji alimwandikia Mwenyekiti barua kwa mkono wangu. Aliomba vitu vitatu: nusu yadi ya merikani, sufi ya kujazia, na ruhusa ya kutumia wiki ya kwanza ya masomo kuwafundisha wasichana kushona vijimto, kila meza kimoja, kabla hawajagusa kitambaa kingine chochote. Alieleza ya kuwa sindano zinapotea. Mwanzo wa mwaka uliotangulia alikabidhiwa sindano za mkono 24, na mwisho wa mwaka alihesabu 9 tu. Mimi niliisoma barua ile nikitabasamu. Tulikuwa na mambo makubwa siku zile: bati za ukumbi, deni la maji, na hesabu za mkaguzi. Nikaandika pembeni ya barua, "Jambo dogo, lingoje", nikaitia katika jalada. Haikufika mbele ya halmashauri. Sindano 15 zilikuwa zimepotea, nami sikujiuliza zimepotelea wapi. Sasa twajua moja ilipokuwa.

Basi ikiwa kuna mtu wa kulaumiwa, asilaumiwe mwalimu, ambaye aliona ufa akaomba udongo wa kuuziba. Wala wasilaumiwe wasichana, ambao hawakupewa mahali pa kuweka sindano zao. Alaumiwe karani, aliyepima ukubwa wa jambo kwa bei yake.

Wala sikuwa na udhuru wa kutojua. Mimi nimelelewa chini ya meza ya kushonea. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na mama yangu alinunua cherehani kuukuu, akapata nafasi katika baraza ya duka huko Voi, akashona sare za shule na kutia viraka nguo za watu. Kwa kazi hiyo alinilipia karo mpaka nikamaliza masomo ya sekondari katika shule ya misheni. Juu ya meza yake palikuwa na kijimto cha kaniki, cha mviringo, kizito kidogo, upande wa kuume wa cherehani. Ndugu zangu wadogo walitambaa chini ya meza ile mchana kutwa. Sikumbuki hata mmoja aliyechomwa. Kila jioni, kabla ya kufunika cherehani, mama alikuwa akihesabu kwa kidole, bila sauti, midomo yake ikitikisika. Nilipokuwa mtoto nilidhani anasali. Baadaye ndipo nilipojua ya kuwa anahesabu sindano. Ikipungua moja, hakuna aliyeondoka barazani mpaka imepatikana, hata mteja akiwa amesimama. Na mimi, mwana wa mama huyo, niliandika "lingoje".

Sasa tutazame sindano hupotea vipi. Fundi anaposhona ana mikono miwili tu, na yote ina kazi. Pini akiichomoa katika kitambaa lazima aiweke mahali upesi. Asipokuwa na kijimto ataibana kwa midomo, au ataichomeka katika ukosi wa nguo yake, au ataiweka juu ya meza, au katika mkono wa kiti. Iliyo mdomoni yaweza kumezwa akicheka au akikohoa. Iliyo katika nguo huenda naye nyumbani, ikaanguka kitandani mwa mtoto. Iliyo mezani hukokotwa na kitambaa ikaanguka chini, na sakafuni pa saruji utaisikia, lakini katika mkeka haisikiki. Mnaona basi ya kuwa ufundi na bidii havimwokoi mtu huyu. Dawa yake ni mahali palipo karibu na mkono, pasipohitaji kutazamwa, panapoipokea sindano na kuishika.

Tena msidhani ya kuwa kidude hiki ni mchezo wa wanawake. Bwana mmoja mwenye elimu wa Uskochi, Adam Smith, katika kitabu chake mashuhuri kilichotoka mwaka 1776, alipotaka kueleza jinsi kazi inavyogawanywa ili ipate kuzaa zaidi, hakuchukua mfano wa merikebu wala wa jumba. Alichukua pini. Akaonyesha ya kuwa utengenezaji wake uligawanywa katika kazi zipatazo 18: mmoja huuvuta waya, mwingine huunyosha, mwingine huukata, mwingine hukichonga kichwa, na kadhalika. Na huko Redditch, katika nchi ya Uingereza, mji mzima ulipata riziki na sifa kwa kutengeneza sindano, zikauzwa duniani kote katika karne ya 19. Watu waliojua kazi iliyomo ndani ya sindano moja hawakuitupa ovyo. Katika Uingereza na Marekani mafundi wa zamani walizoea kuwa na kijimto chenye umbo la nyanya, na kando yake kifuko kidogo kilichojazwa unga wa jiwe gumu, ambamo sindano iliyoanza kushika kutu huchomekwa mara kadhaa mpaka ing'ae tena.

Sasa nitaeleza jinsi ya kukishona. Nimekishona mwenyewe hicho mnachopitishiana, kwa muda wa jioni mbili, naye mwalimu amekikagua na kunifumulisha mara moja.

Kwanza ni kitambaa. Kitafutwe chenye nyuzi zilizobanana, kama kaki ya sare au kaniki nzito. Kitambaa chenye nyuzi zilizoachana hutobolewa upesi, na kujazwa kwake hutokeza nje. Mabaki ya sare za shule yanatosha, na hayo tunayatupa kila wiki. Chukua kifuniko cha mkebe chenye upana wa inchi 6, ukizungushie chaki juu ya kitambaa, ukate vipande viwili sawasawa.

Pili ni uzito. Kijimto cha mezani si kama kile kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono. Kikiwa chepesi, fundi akitaka kuchomeka sindano kitateleza, naye atalazimika kukishika kwa mkono wa pili, na hapo faida yake imepotea. Kwa hiyo shona kifuko cha merikani cha inchi 3 kila upande, chenye kitambaa cha mikunjo miwili, ukitie mchanga wa kujaa kikombe kidogo cha kahawa, kisha ukifunge kwa mshono wa kukaza. Usikijaze mpaka kikakakamaa, maana kitapitishwa katika mlango mwembamba. Jambo la kuangaliwa hapa kwetu Mombasa ni kwamba mchanga usitoke pwani. Mchanga wa bahari una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu. Utafutwe mchanga wa mtoni, uoshwe mara tatu, uanikwe juani mpaka ukauke kabisa.

Tatu ni kushona. Weka vile vipande viwili vya mviringo uso kwa uso, upande wa ndani ukiwa nje. Vipige bandi ili visihame. Kisha shona kwa mshono wa kurudi nyuma, yaani kila sindano ikienda mbele hatua moja irudi nusu hatua, ukiacha nusu inchi kutoka ukingoni. Mshono huu ni wa polepole lakini haufumuki. Acha mlango wa inchi 2 na nusu usioshonwa. Halafu chukua mkasi ukate mikato midogo kuzunguka ukingo wote, isifike kwenye uzi, ili mviringo ukae vizuri usijikunje. Fumua bandi, kisha kipindue kifuko, upande mzuri uje nje.

Nne ni kujaza. Ingiza kwanza kile kifuko cha mchanga, kilale chini. Hicho hukipa kijimto uzito, tena huizuia ncha ya sindano isitokeze upande wa pili ikakwaruza meza. Juu yake jaza sufi, ile nyuzi nyepesi itokayo katika matunda ya msufi, ambayo wazee wetu wa pwani wamejazia mito na magodoro tangu zamani. Sufi haipendi maji, kwa hiyo haileti kutu upesi. Asiyepata sufi na atumie manyoya ya kondoo yaliyooshwa na kukauka, kwani mafuta kidogo yanayobaki ndani yake huilinda sindano. Pamba ya kawaida si nzuri, maana hushika unyevu. Jaza tena na tena, ukishindilia kwa mpini wa kijiko, mpaka ukikibonyeza kwa kidole gumba kidole hakizami. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kijimto kilegevu ni kibaya kuliko kukosa kijimto, kwa kuwa sindano huzama ndani nzima, mtu asiione, naye akija kukishika inamchoma kiganjani. Mwisho ziba mlango kwa mshono wa kujificha, ukikunja kingo ndani na kupitisha sindano katika mikunjo yake.

Tano ni alama. Kwa uzi wa rangi nyingine, pitisha mistari juu ya kijimto ukigawe sehemu 4. Moja ni ya pini, moja ya sindano za mkono, moja ya sindano za cherehani zilizokwisha kutumika lakini bado ni nzima, na moja ni ya sindano kubwa za kutilia bandi. Kazi hii si pambo. Sindano za mkono, namba ikizidi kuwa kubwa, sindano huzidi kuwa nyembamba. Za cherehani ni kinyume chake: namba 11 ni nyembamba, na namba 18 ni nene. Msichana anayezichanganya ataweka nyembamba katika kitambaa cha kaki, itakatika, na kipande kitaruka. Mambo ya kukatika huanza kwa mambo ya kuchanganyika.

Hayo ndiyo matengenezo. Lakini kijimto peke yake hakimlindi mtoto. Kinacholinda ni desturi inayokwenda pamoja nacho, nayo naiweka mbele yenu kama shauri la mwalimu na langu. Kila meza iwe na kijimto kimoja chenye pini 10 na sindano 5, wala zisizidi. Mwalimu aziandike katika daftari. Kila alasiri, robo saa kabla ya kufunga, kazi isimame, kila meza ihesabu, na msichana mmoja atie sahihi. Ikipungua moja, mikeka ikunjuliwe na kupunguzwa nje, sakafu ifagiliwe, na sumaku ipitishwe. Ukumbi usifungwe mpaka hesabu itimie. Ikiwa haikupatikana, watoto wadogo wasiingie kesho yake asubuhi, na mimi niarifiwe usiku uo huo. Sindano iliyokatika isirudi katika kijimto kamwe. Vipande vyake vyote viwili vitiwe katika mkebe wenye kifuniko, na fundi asiridhike mpaka amevipata vyote viwili.

Wazee wangu, mtaniuliza, je, si rahisi zaidi kulifunga darasa? Ni rahisi, kweli. Lakini tutazame tunachokifunga. Wasichana hawa 14 wengi wao hawakuendelea na shule. Wawili waliotoka katika darasa hili mwaka uliopita wanashona sare leo na kuwalisha wadogo zao. Tukiviuza vyerehani tutapata fedha za mazishi ya watu kadhaa, nazo zitakwisha. Tena sindano hazitatoweka ulimwenguni kwa sababu sisi tumefunga darasa. Wasichana watashona majumbani mwao, gizani, bila mwalimu, na watoto wao watatambaa sakafuni humo humo. Hapa twaweza kuwafundisha kuhesabu. Msichana aliyezoea kuhesabu sindano 5 kila jioni atahesabu na senti za nyumba yake, na siku moja atahesabu fedha za Chama hiki, pengine vizuri kuliko karani mliye naye.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, darasa lisifungwe, bali lisimame kwa wiki moja, na wiki hiyo itumike kushona vijimto 6. Merikani na sufi nimekwisha kuvinunua kwa fedha zangu, wala sitaki kurudishiwa. Pili, darasa lipewe muda wa miezi 6, na daftari la hesabu ya sindano lisomwe mbele ya halmashauri kila mwezi. Sindano moja ikipotea isionekane, wazee walioleta hoja wairudishe, nami sitaipinga tena. Tatu, barua yoyote inayomfikia karani kutoka kwa mwalimu au mlezi wa watoto isomwe katika halmashauri, hata ikiwa karani ameiona kuwa ndogo.

Kwa baba wa mtoto, ambaye yupo hapa leo, nimekwisha kusema nyumbani kwake, na sasa nasema mbele ya watu: nisamehe, ndugu yangu. Kile kipande cha sindano ningali nacho. Kimo katika saraka ya meza yangu, juu ya jalada la barua.

Sasa naomba kijimto changu. Moja, mbili, tatu… Zimo 9.

(Hapa palikuwa na kicheko na kutafutana. Baadaye mzee mmoja, naye ni miongoni mwa walioleta hoja, aliiona pini ya kumi katika ukosi wa koti lake mwenyewe, akaikabidhi.)

Asante sana, mzee wangu. Sina la kuongeza.

Nyongeza: Baada ya majadiliano marefu mkutano ulikubali kulipa darasa muda wa miezi 6 kwa masharti yaliyotajwa. Wazee wawili waliomba iandikwe ya kuwa hawakuridhika, na imeandikwa. Mzee aliyerudisha pini aliomba kijimto kimoja kwa ajili ya nyumba yake.